Namba Kumi na Tisa

Kwa miaka tisa Mwamvita Shomari alikuwa opareta wa simu wa kiwanda cha sabuni, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kufungua kitabu cha namba. Alikuwa nazo kichwani, mia na ushee, pamoja na sauti za wenyewe. Kisha wakaja wenye mali wapya, watu wakapunguzwa, na yeye akapunguzwa nao, kama vile kichwa kile hakikuwa kitu.

Usaili wa kwanza alishindwa kwa Kiingereza. Wa pili vilevile. Mwaka 1993 hoteli mpya ya Kinondoni ikatangaza nafasi moja ya opareta, umri usizidi miaka thelathini na mitano. Mwamvita aliitwa kusailiwa Jumatano. Ijumaa angetimiza thelathini na sita. Akikosa hapa, basi tena.

Kwa miezi mitatu alikuwa amesoma jioni kwa Mwalimu Venance, mtu wa Masasi aliyefundisha Kiingereza uani kwake Tandika. Mwalimu alikuwa na karatasi ya misemo ishirini na minne ya kufikiri na kukumbuka. Alidai wasaili wa mahoteli wanaipenda kuliko sarufi. Mwamvita aliicheka sana karatasi ile. Sisi tunaumiza kichwa, yakaisha. Mwingereza anautesa ubongo wake kama mwizi aliyekamatwa, anasikia kengele ikilia kichwani, na kumbukumbu ikizubaa anaikimbiza mchakamchaka!

Aliicheka, lakini aliihifadhi. Na aliihifadhi kwa namna pekee aliyofunzwa, ile ya utotoni, chuo cha Kurani kwa Maalim: unaketi, unatikisika mbele na nyuma, unaanza mwanzo unakwenda mpaka mwisho, na ukikatika unarudi mwanzo.

"Dada, wakikuuliza ya katikati utafanyaje?" Mwalimu Venance alimwuliza.

"Nitafika tu, mwalimu."

Wasaili walikuwa wawili: meneja Wilbert, na Bi Elinaza wa utumishi, mama wa miwani asiyecheka ovyo. Mezani palikuwa na simu. Mazungumzo ya mwanzo yalikwenda salama. Kisha Bi Elinaza akauliza, "Mtu analijua jina, analihisi kabisa, ila halitoki. Waingereza wanasemaje?"

Kumi na tisa. Mwamvita aliijua namba ya msemo huo, alijua hata ilipokaa kwenye karatasi, chini ya doa la mafuta ya taa. Maneno yenyewe hakuyaona. Akafumba macho, akaanza moja.

Midomo ikawa inacheza, mwili unakwenda mbele na nyuma. Saba. Nane. Wilbert akatazama saa.

"Mama," alisema Bi Elinaza, "dua ungeisoma nje."

"Sisomi dua, mama. Naja."

Lakini alikuwa amekwishakatika, ikabidi arudi moja. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kumi. Kumi na nne. Akasikia faili linafungwa. Kumi na saba. Kumi na nane.

Simu ikalia.

Mkono wa Mwamvita ulikwenda wenyewe. Kabla hajakumbuka kuwa ile si meza yake, alikwishainua mkonga wa simu, na kwa Kiingereza laini ambacho asubuhi ile hakuna aliyekisikia, akasalimu, akataja jina la hoteli, akauliza asaidie nini. Mwanamume wa upande wa pili akakohoa, akamwomba meneja.

"Subiri kidogo, Mzee Twalib. Shikamoo."

"Marahaba. We nani? Mie mbona sijataja jina?"

"Mwamvita, wa kiwanda cha sabuni. Ulikuwa ukituletea mawese."

"Mwamvita! Miaka yote hii!" Kicheko kilisikika mpaka ng'ambo ya meza. Wilbert akapokea mkonga, akazungumza huku akimkodolea macho Mwamvita.

Alipokata simu, Bi Elinaza alisema, "Swali langu bado halijajibiwa."

Moyo wa Mwamvita ukampasuka. Ameshika simu ya watu, na orodha imemponyoka tena.

"Naomba nianze mwanzo," alisema. "Kwa sauti."

Wasaili wakatazamana. "Anza," alisema Wilbert.

Akaanza moja, na safari hii kutikisika hakukuficha. Alipofika kumi na tisa likatoka, zima na safi: neno limekaa kwenye ncha ya ulimi.

"Inatosha, mama," alisema Bi Elinaza.

Haikutosha. Chuoni hakuna kuachia katikati, na fimbo ya Maalim ilihakikisha hilo. Mwamvita akaendelea, ishirini, ishirini na moja, machozi yakimtoka waziwazi, na Wilbert akawa anahesabu naye kwa vidole. Alipomaliza ishirini na nne alijifuta kwa upindo wa mtandio, akangoja.

Bi Elinaza alifungua tena faili. Akasoma tarehe ya kuzaliwa, akainua macho kwenye kalenda ya ukutani, akaisoma tarehe ile mara ya pili. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi na kalamu.

"Mkataba utautia sahihi leo," alisema. "Leo hii, kabla hujatoka humu ndani. Tusingoje Ijumaa."