Siku Niliyomtafsiria Yaya

Huku kwetu Lubumbashi dada mkubwa anaitwa Yaya, na Yaya wangu alizalisha wanawake wa mtaa wetu unaoitwa Kenya kwa miaka mingi bila diploma. Aliingia katika maternite moja ndogo, hospitali ya kujifungulia, kama mfagiaji. Akaanza kwa kubeba beseni, akaja kupokea watoto, mpaka akina mama wakawa wakifika mlangoni wanauliza kwanza kama yuko. Kisha mwenye maternite akasema kwamba asiye na diploma hatazalisha tena. Yaya akarudi kwenye ufagio.

Mimi ndiye niliyesikia kwamba kuna chuo kimoja cha uuguzi kinachopokea watu wazima wa namna yake. Unakaa mbele ya walimu, wanakuuliza, unawaonyesha unachokijua, na kozi wanazoona umekwisha kuzijua kwa kazi, wanakuhesabia kana kwamba umezisoma. Nilipomweleza, alicheka kwa mara ya kwanza tangu akatazwe kuzalisha.

"Mudogo wangu, twende wote," aliniambia. "Kifaransa yangu itanikwisha mu njia."

Ninafundisha Kifaransa shule ya sekondari, kwa hiyo walimu walikubali nikae kando yake nimtafsirie. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mtu mzima, mkunga. Walimpa mwanasesere wa plastiki, Yaya akamshika vizuri, akaonyesha namna ya kugeuza bega, namna ya kufunga kitovu, hata akamsemesha kwa sauti ya kumbembeleza. Walimu wakatabasamu. Nilijua mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo yule mama akauliza: "Tuelezee siku moja ambayo kazi ilikufundisha kitu."

Nilidhani atasimulia habari ya mapacha, ile anayopenda kutuchekeshea nayo Jumapili. Yaya aliangalia mikono yake.

"Ni siku ya mudogo yetu," alisema.

Kitinda mimba wetu alikuwa amefia Kasungami, pembeni ya mji, kwa mume wake, baada ya kujifungua. Mwaka ule mimi nilikuwa nafundisha Mokambo, mpakani, nikafika siku ya mazishi. Niliambiwa tu kwamba damu ilimtoka. Nilijua Yaya ndiye aliyekuwa naye, lakini sikumwuliza kitu, na yeye hakunieleza. Tulimchukua mtoto, tukamlea, basi.

Sasa alikuwa anasema sentensi moja, ananingoja niigeuze Kifaransa, anasema nyingine.

"Waliniita mutoto ameshaanza kutoka. Alitoka muzuri." Nikatafsiri.

"Kisha damu ilianza kutoka, ikakatala kusimama. Nilimukandia tumbo. Nilituma bwana yake atafute motokari." Nikatafsiri.

"Mvua ilikuwa imeharibu barabara, motokari ikakwama mu matope. Mudogo akaniambia, Yaya, miguu yangu iko baridi."

Nilitafuta neno la Kifaransa la miguu, ambalo nawafundisha watoto katika wiki ya kwanza ya mwaka, nikalikosa. Yule mama mkunga akaweka kalamu chini.

"Mama, acha," aliniambia kwa Kiswahili. "Sisi wote tunasikia Kiswahili."

Yaya akaendelea peke yake. Alisema alivua kitenge chake akamfunika miguu. Alisema mdogo wetu aliuliza kama mtoto analia, naye akamjibu ndiyo, analia sana. Kisha hakuuliza tena. Nilikuwa nayasikia haya kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni watatu, na sikuweza hata kumshika dada yangu mkono kwa sababu pale nilikuwa mtafsiri.

Walimhesabia karibu kila kozi ya kuzalisha, pamoja na ile ya wazazi wanaotokwa na damu. Yaya alipoambiwa, alitikisa kichwa.

"Ile, hapana. Ile nitaisoma."

"Lakini Madame, umeshaipata," mmoja wa wale wanaume alisema. "Ni bure."

"Haikuwa bure," Yaya alijibu.

Kwa hiyo alikaa darasani na wasichana ambao wengine huenda aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Jioni moja alirudi akaketi jikoni bila kuvua viatu. Alisema wamefundishwa dawa inayochomwa mara tu mtoto anapotoka, ili damu isimame. Aliijua. Waliitumia kila siku kazini.

"Kasungami nilienda mikono mitupu," alisema. "Walikuja kuniita, nikakimbia. Nilikimbia kama yaya yake, sikukimbia kama muntu wa kazi."

"Walikuita mtoto ameshaanza kutoka. Ungepitia wapi kuchukua dawa?"

"Sijue."

"Na hata ungekuwa nayo, labda..."

"Mudogo, sijue. Mwalimu naye nilimuuliza. Naye hajue."

Nilimvua viatu.

Alimaliza masomo. Siku ya kutangazwa kwa matokeo alituomba tusimmwagie poda kama watu waliofaulu wanavyofanyiwa hapa, lakini wanawake wa mtaa walikuwa wamekuja na makopo yao, na nani angewazuia? Walimmwagia kichwani na mabegani, wakapiga vigelegele. Msichana wetu, yule mtoto wa Kasungami, aliruka-ruka akitaka naye apakwe. Yaya alimbeba, mkubwa jinsi alivyo, akaficha uso katika nywele za mtoto, akalia kwa sauti. Wanawake wakacheka wakisema ni furaha, wakaongeza poda. Mimi nilisimama karibu nao, nikawaacha waamini hivyo.