Binti Anayeisimulia Barabara

Kabla ya kuwasha gari, binti huyo hugusa vioo vya pembeni kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Kisha huisimulia barabara kwa sauti ya chini: "Mama na mkokoteni. Baiskeli. Hicho kivuli tu." Mwalimu wake wa udereva, aliyezoea wanafunzi wa kupayuka, hujikuta akiota macho wazi, mji ukiwapitia kama uko chini ya maji. Siku ya kwanza binti alimwambia bila kumtazama, "Mwalimu, nina usonji. Daktari kasema hilo peke yake halininyimi leseni, nipimwe barabarani kama wenzangu. Mjomba anasema nitaua watu."

Leo, kwenye mzunguko, lori liliwapigia honi kwa nyuma. Mabega ya binti yalipanda, vidole vikakakamaa juu ya usukani. Mwalimu akapeleka mguu kwenye breki ya upande wake. Lakini binti aliwasha indiketa, akatoka mzungukoni, akaegesha pembeni, akafumba macho, akavuma kama nyuki hadi mabega yakashuka.

"Mimi niko tayari," alisema. "Nikungoje wewe, mwalimu? Mguu wako unatetemeka."