Mimi, Mzigo wa Turbo

Kila mtu ana kazi aliyozaliwa nayo. Dada yangu kazaliwa kuendesha. Mjomba wangu, ambaye ni fundi magari, kazaliwa kufungua vitu vya watu na kubakiwa na skrubu mbili mkononi. Mimi, kama nilivyogundua Idd iliyopita, nimezaliwa kuwa mzigo.

Dada anasambaza boflo. Alfajiri anapakia mikate ya moto kwenye kirikuu, kile kigari kidogo chenye pua bapa na bodi nyuma, anazunguka maduka ya Mji Mkongwe, halafu anateremka nayo mpaka huku kwetu Chukwani. Gari lake linanukia kuliko gari lolote Unguja, na mwendo wake siku za kazi ni wa heshima kabisa. Siku ya Idd pili heshima inabaki nyumbani. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, anatufungia barabara moja iliyonyooka, ile inayoishia kwenye uwanja wa mtu aliyejenga ukuta kwanza, nyumba atajaaliwa. Virikuu vinapangwa viwili viwili, mjomba anapunga kilemba chake, na anayefika mwanzo kwenye mstari wa chokaa anaendelea mpaka abaki mmoja. Kutoka mstari ule mpaka ukuta kuna nafasi ya kutosha kufunga breki na kutubu.

Zawadi ni sinia la halua. Mshindi huonja kidogo tu, kwa sababu akigeuka kupokea pongezi sinia lishakuwa jeupe. Mimi nnajua, huwa niko karibu.

Sharti lilikuwa moja: kirikuu kiwe na injini ile ile ndogo iliyotoka nayo kiwandani. Sharti hilo lilitutosha mpaka alipokuja kijana wa Malindi, mtaa ule wa mjini karibu na bandari. Yeye ni mpakuaji mizigo bandarini, na kirikuu chake kilishuka melini hapo hapo mbele ya macho yake. Injini ni ndogo kama zetu, imetoka kiwandani kama zetu. Ila ina turbo.

Nilimuuliza mjomba turbo ni kitu gani. Alikuwa chini ya gari, kwa hiyo nilizungumza na miguu yake.

"Moshi unaotoka kwenye injini, wengine unawapotea bure," miguu ikanijibu. "Huyu moshi wake unazungusha feni. Ile feni inashindilia hewa ndani, injini inapata pumzi ya ziada. Basi, inachoma mafuta zaidi, inatoa nguvu zaidi."

"Yaani gari linakula kiporo chake lenyewe?"

"Ee, unaweza kusema hivyo."

"Na kiporo ndicho kinachoipa injini nguvu?"

"Naam. Sasa wewe unakula kiporo kila asubuhi. Hebu niletee ile jeki tuone."

Jeki ilikuwa nzito. Nilimwambia nnachelewa skuli. Ilikuwa Jumapili.

Mwaka ule wa kwanza kijana wa Malindi alitushinda sote. Hakutushinda vile mtu anavyomshinda mwenzake. Alitushinda vile ndege inavyoshinda nyumba. Dada alifika naye fainali, na mjomba aliposhusha kilemba, dada akatangulia kidogo. Turbo inachelewa kuamka, kama mimi. Halafu ikapiga mluzi, na kilichobaki kwa dada ni vumbi. Alikuwa nyuma kwa nguzo mbili za umeme. Watu hawakushangilia. Waliondoka kimya kimya kama wanatoka kwenye mkutano wa wazazi.

Ndiyo maana mwaka huu, Ramadhani ikikaribia kwisha, tukakaa kikao gereji kwa mjomba. Madereva wote ni wanne: dada, kijana wa Malindi, muuza maji ya madumu, na mbeba mbao. Muuza maji akafungua kikao bila ya bismillahi.

"Mie nshachoka. Ama turbo itoke, ama tutoke sie wawili. Na tukitoka sie, hakuna mbio. Mtabaki nyie wawili mnafukuzana kama kuku."

"Turbo ya kiwandani," kijana wa Malindi akajitetea. "Sharti lenu wenyewe. Sasa nikikate pua?"

"Kata," mbeba mbao akasema.

Nikamtazama dada. Nilidhani atafurahi, kwa maana turbo ikitoka halua ni yake, na halua ikiwa yake ni yangu. Yeye akakunja uso.

"Nikimshinda wakati hayupo, n'takuwa nimemshinda nani?"

Mbeba mbao akamtazama muuza maji, muuza maji akatazama kandambili zake. 

"Hatumtoi," dada akasema. "Tunamsawazisha."

Kusema rahisi. Kwanza tulijaribu kumchelewesha: sisi tunaondoka, yeye anasubiri ihesabiwe mpaka tatu. Mhesabu akawa mbeba mbao. Moja yake ilikuwa ya kawaida, mbili ikavutwa, na ile tatu ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Kijana wa Malindi akazima gari, akashuka, akauliza kama imeshaadhiniwa.

Ndipo mjomba akaleta fikra ya mzigo. Turbo inaongeza nguvu, basi na yeye aongezewe uzito. Siku za mazoezi tukamkopa unga mwokaji wa mikate ya dada. Gunia moja likawekwa kiti cha abiria, likafungwa mkanda kama bwana harusi, na loo, kirikuu cha dada na cha turbo vikafika mstarini karibu sawa! Muuza maji akapiga makofi kabla hajakumbuka kwamba kanuna. Mara gunia likapasuka. Kijana wa Malindi akashuka mweupe kope mpaka viatu. Mtoto mmoja alimtazama akakimbilia kwao, na mwokaji akaapa unga wake hautapanda tena gari lisilokwenda tanurini.

Kwa hiyo Idd pili ikafika, uzito tunaujua, gunia hatuna. Mchanga sheha kaukataza. Ukionekana unachota mchanga pwani ni kesi. Matofali mwenyewe kayakataa, anasema yakiruka yatampasua kisogo. Tukabaki tunakuna vichwa. Hapo akaingia shangazi yetu, mkulima wa mwani kutoka Chwaka, kaja kutupa mkono wa Idd na kaja na gunia la mwani aliovuna jana yake.

Mwani! Laini, haupasuki, hauruki. Jirani ya gereji kuna muuza vyuma chakavu mwenye mizani kubwa. Tukaupima, tukatoa kidogo, sindano ikasimama pale pale iliposimama siku ya unga. Mjomba akatia alama ya chaki kwenye kioo cha mizani. Muuza maji akakagua, mbeba mbao akakagua, kila mtu akaridhika, mjomba akalipakia gunia kwenye turbo akalifunga mkanda, tukaenda zetu kula pilau na kuswali adhuhuri.

Tuliporudi, chini ya turbo palikuwa na dimbwi, na kuku wawili wanalionja na kujuta.

Hakuna aliyefikiri lolote. Ndiyo kwanza tuna haraka, watu wamejaa pande zote mbili za barabara na nguo zao mpya, watoto na puto, sheha kashasimama kwenye mstari wa chokaa. Mbio za kwanza: turbo na muuza maji. Kilemba kikashuka, mluzi ukalia, na muuza maji akaachwa nguzo nzima.

"Mwizi!" akapiga kelele huku hajazima gari vizuri. "Katoa mzigo huyu! Mie siji tena, wallahi, hata mnipe sinia na aliyelipika!"

Mbeba mbao naye akaanza kuvua helmeti. Mjomba akafungua mlango wa turbo, akalishika gunia kwa mikono miwili kama alivyolipakia, akalivuta. Nusura aanguke chali. Gunia lilikuwa jepesi. Nyuma ya gari, kutoka gereji mpaka pale, lami ilikuwa na mstari mrefu wa maji ya chumvi, kama gari limekwenda likilia.

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, mwani mbichi! Mmeufunga mkanda, maji mmeyafunga na nini?"

"Hakuiba," dada akamwambia muuza maji. "Maji yamejiendea. Itarudiwa."

"Irudiwe na nini? Gunia liko wapi?"

"Na kitu kisichovuja," mjomba akasema. Halafu akageuza shingo taratibu, akanitazama. Dada akanitazama. Sheha, mtu mzima na kofia yake ya kiua, akanitazama. Mimi nilikuwa na kipande cha keki mdomoni.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua la kufanya.

Nikarudishwa kwa muuza vyuma chakavu, nikapandishwa mizani. Sindano ikapanda, ikatikisika, ikasimama juu ya alama ya chaki ya mjomba, sawasawa, kana kwamba mama alinilea kwa kazi hiyo. Watu wakashangilia. Mimi sijazoea kushangiliwa kwa kipimo chochote. Matokeo yangu ya hisabati mama huyapokea kwa istighfari. Nikainua mikono nikawapungia.

Tatizo likaja kwamba kila mtu ananijua. Ananipenda, ndiyo, lakini ananijua. Dada akanivuta pembeni, akanifunga helmeti mpaka shavu likatoka.

"Ukigusa breki ya mkono, n'takukata mikono. Sitaki kusaidiwa."

"Dada! Mimi?"

"Wewe."

Kijana wa Malindi naye alikuwa na yake. Nilipoingia akanitazama, akatazama breki ya mkono katikati yetu, akasema, "Yakhe, kalia mikono."

"Nini?"

"Mikono. Ikalie."

Basi nikashindana mbio zangu za kwanza maishani nimekalia mikono. Kwa wasiojua, injini ya kirikuu iko chini ya kiti. Kwa hiyo mikono ilikuwa juu ya kiti cha moto na mimi nilikuwa juu ya mikono, nikiungua kwa zamu.

Muuza maji alirudia, akashindwa kwa urefu wa gari moja. Alishuka akatazama nyuma, akatazama mbele, akapima kwa macho. Hakusema "mwizi". Alisema, "Ningebadilisha gia mapema pale..." na alipoanza kusema hivyo nikajua kwamba bado yumo. Dada upande wake akamtoa mbeba mbao, na fainali ikawa ile ile ya mwaka jana: boflo na turbo.

Kilemba kikashuka. Dada akaruka mwanzo. Kando yangu nikaona mlango wake, halafu taa zake za nyuma, na harufu ya mkate ikaingia dirishani. Kijana wa Malindi kakanyaga mpaka mwisho, na chini yangu injini inavuta pumzi, inavuta, haijaamka. Halafu nikausikia ule mluzi, mwembamba, ukipanda kutoka chini ya makalio yangu mpaka kwenye meno. Kiti kikanisukuma mgongoni. Mwaka jana hapo ndipo dada alipopotea.

Safari hii hakupotea. Tulimsogelea kidogo kidogo, kama mtu anayesogea kwenye jamvi la msikiti. Taa ya nyuma. Tairi. Mlango. Nikageuka, na dada yuko pale pale dirishani, ushungi wake umebana chini ya helmeti, meno nje. Sikujua nimshangilie nani. Mwili wangu ulikuwa upande mmoja na damu yangu upande mwingine, kwa hiyo nikapiga kelele tu, bila maneno, mpaka chokaa ikapita chini yetu na ukuta ukaanza kuja.

Tuliposhuka, watu walikuwa wanagombana. Wa upande wa kulia wanasema dada, wa kushoto wanasema turbo. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, tukamzunguka: kwenye mstari aliruka kwa furaha, akarekodi mawingu. Mzee mmoja na mkewe walikuwa hawasemezani. Sheha akainua mkono.

"Turbo. Kwa bampa."

"Bampa lipi, la mbele au la nyuma?" shangazi akauliza.

"La mbele, Bi. Kwa bampa moja tu."

Nikamtafuta dada nimpe pole, nshaandaa na mzaha wa kumtuliza. Alikuwa ameegemea gari lake anacheka peke yake, jasho linamtiririka.

"Mwaka jana sikumwona," akaniambia. "Leo nimemwona mpaka masikio. Umesikia? Masikio!"

Kijana wa Malindi akaja na sinia la halua, na ajabu, naye alikuwa na furaha kuliko alipotushinda sote. Akaliweka juu ya bodi ya kirikuu cha dada. "Mwaka jana niliila hii peke yangu ndani ya gari," akasema. "Hakuna aliyenifuata." Muuza maji akachukua kipande, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, eti mwakani mazoezi yataanza lini. Mbeba mbao akamjibu kwamba mapema, mapema zaidi ya mwaka huu.

Kikao cha gereji kikapitisha kanuni mpya: mzigo wa turbo ni mimi, kama nitakavyokuwa siku ya mbio. Hivyo hivyo nilivyo, nisiongezewe wala nisipunguzwe.

Hawakujua walichokifungua. Siku ya pili yake kijana wa Malindi alikuwa mlangoni kwetu na raba mbili mkononi, anasema kukimbia pwani kunasaidia akili za skuli. Mama kafurahi, kamkaribisha chai. Dada alikuwa amekaa akiwaza, anapima kitu hewani kwa vidole viwili, upana wa bampa.

"Bampa moja," akasema, "ni kilo ngapi?"

Halafu akanitazama, akavunja boflo la moto, akalipaka siagi pande zote mbili, akanisogezea.

"Kula."