Nyasi za Kuangalia

Enzi zetu pale Noonkopir, Kitengela, mtoto alimsalimia mzee kwa kuinamisha kichwa kiguswe, si kama hawa wetu wanaokusalimia macho yakiwa kwenye simu. Sisi watoto wa Wakamba wa kuja tulijifunza haraka, maana Koko, bibi wa Kimaasai aliyekuwa jirani yetu, hakumiminii maziwa kabla hujaleta hicho kichwa. Maziwa yenyewe yalinukia moshi wa kibuyu. Mpaka leo maziwa ya pakiti hayanidanganyi.

Mwaka mmoja kiangazi kilitupiga vibaya, na baba ndiyo kwanza alikuwa amepanda "lawn". Neno hilo tulilijua kwa kitabu cha shule tu. Koko aliponiuliza maana yake, nilimweleza kwa maringo: ni nyasi unazopanda, unazimwagilia maji kila jioni, zikirefuka unazikata.

"Na inakuliwa na nani?"

"Hakuna, Koko. Ni ya kuangalia."

Alijishika mdomo. Sijawahi kuona mtu mzima akishtuka vile. Alikuwa amebakisha ng'ombe mmoja, yule wa maziwa yetu, na mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani.

Jumamosi ile baba alikata nyasi zake, akazirundika, akazichoma. Moshi haujaisha, Koko akaingia getini ameinua nyasi kidogo mkononi, kimya. Baba akadhani anarudisha zilizopeperushwa na upepo.

"Asante mama, weka tu hapo," akasema, akaendelea kufagia. Koko akaziweka chini, akaenda zake.

Ng'ombe alikufa Jumanne. Mwanawe Koko ndiye aliyetueleza: kwao, anayekuinulia nyasi anakuomba huruma, na hata adui hamnyimi. Baba aliketi palepale kwenye lawn yake. Mimi nilijificha ndani, maana ndimi niliyejisifu kwa Koko.

Kesho yake baba, mzee mzima na kipara chake, alikwenda kwa Koko akamwinamishia kichwa kama mtoto. Koko akakigusa.

Siku hizi Kitengela ni kuta na mageti. Kwangu kuna nyasi za plastiki, hazikauki wala hazikatwi, na wanangu hawaishi kupigia picha hapo. Mimi huzikanyaga nikajiuliza: Koko angekuja leo, angeng'oa nini ainue?