Kadi Mbili, Ibra na Sur

Kazi yangu ni kupiga vidio za harusi upande wa wanawake. Hapa Ibra, Omani, mama wa bibi harusi akinishika mkono Jumatano kwenye soko la wanawake, swali lake la mwanzo si bei. Huniuliza, "Nani ataangalia?" Na jibu langu ni lile lile siku zote: mimi na mdogo wangu, basi. Kompyuta zetu haziendi kwa fundi, picha hazipiti kwenye mtandao, na kikiharibika kitu nafungua mwenyewe kwa bisibisi yangu. Wapo wanaosema najifanya mjuaji. Sawa, na niwe mjuaji. Ukumbi mzima wa wanawake waliovua mabaibui umo chumbani kwangu, na hiyo ni amana, mimi sifanyi nayo mzaha.

Tulipopata kamera mpya, kompyuta zetu mbili zikashindwa. Picha zilikuwa nzito, ukiziendesha zinakwama, bibi harusi kainua mguu na mguu hauteremki. Tulichohitaji ni kadi ya grafiki, kile kibao cha ndani kinachobeba mzigo wa picha. Akiba yetu ilitosha ama kadi moja kubwa yenye nguvu, iingie kwenye kompyuta yangu, ama mbili za wastani, kila mtu na yake. Na mimi niliitaka ile kubwa, wallahi niliitaka. Nilikuwa nikiitazama kwenye simu huku wali unaungua, mpaka mume wangu akaniuliza ni nani huyo ninayemchekea.

Basi nikiwa katika hali hiyo, mdogo wangu akaposwa na watu wa Sur, mji wa pwani ulio mbali nasi.

Posa ilipokubaliwa, mama yetu akaona shauri la kadi limekwisha. Yeye alitoka Unguja angali kigori, na Kiswahili chake mpaka leo hakijaguswa. Alikuwa akichambua mchele, akasema bila ya kuniangalia, "Mbili za nini tena? Mwenzio anakwenda kwa mumewe. Chukua hiyo moja kubwa, ukae nayo."

Mdogo wangu alikuwa papo hapo anakunja nguo. Nikamngoja aseme neno.

"Mama asema kweli, dada," akasema. "Mie n'nakwenda zangu. Chukua kubwa."

Nilikasirika. Tena hasira zenyewe hazikuwa za mama, zilikuwa za huyu mtoto aliyejitoa mwenyewe kabla hajatolewa, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Ningeweza kunyamaza nikapata kadi yangu na radhi za mama kwa pamoja. Lakini nilijua ninachokipoteza.

Hebu niseme kazi ilivyo. Katika kila harusi wapo wanawake wanaokuja kwenye kamera wakakwambia, mie usinitie. Mmoja yumo katika eda ya talaka na hataki maneno, mwengine mumewe hapendi, mwengine hapendi tu mwenyewe. Watakwambia katikati ya ngoma na vigelegele, halafu baadaye watapita nyuma ya bibi harusi, watacheza, watasahau kama kamera ipo. Mdogo wangu huwakumbuka wote. Atakwambia, huyu mwenye herini za kijani kibichi alikataa, na yule pale, ule mkono wenye bangili pana, ni wake yule yule, mtoe. Hajapata kukosea. Kwa sababu ya macho yake tunaaminiwa kutoka hapa mpaka Manah. Kadi kubwa ingeniendeshea picha bila ya kukwama, lakini isingejua mkono ule ni wa nani.

"Zitanunuliwa mbili," nikasema.

Mama akaweka ungo chini. "Utampeleka mtoto kwa wakwe na likompyuta?"

"Likompyuta litakwenda pamoja na masanduku yake ya nguo."

"Wewe mbishi wewe."

"Nimekutokea wewe, mama."

Akaokota ungo wake akaendelea kuchambua, na midomo kaibana.

Nikamchukua mdogo wangu mpaka Nizwa, kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji alikuwa kijana wa Kiomani mwenye adabu zake, na alidhani mimi sijui ninachotaka. Akanieleza kwa Kiarabu, taratibu, kama anayesema na mama yake mdogo, "Khalti, mbili ndogo hazijumuiki zikawa moja kubwa. Kumbukumbu ya hii ni yake na ya ile ni yake. Zote mbili ukizitia ndani ya kompyuta moja, hutoona faida. Chukua moja ya nguvu." Na akaniletea ile ile ya kwenye simu yangu. Akaniwekea mkononi, nzito, nzuri.

Kijana alikuwa na haki, na mdogo wangu akapata la kusema. Akanivuta mkono wa baibui. "Dada, umesikia? Chukua hii. Kazi za watu zitachelewa, watu watatukimbia."

"Nani kakwambia nataka zijumuike?" nikamjibu kijana, lakini nilikuwa namwambia yeye. "Moja inakaa Ibra. Moja inakwenda Sur."

Nikairudisha ile kubwa juu ya kaunta. Iliniuma, sitosema uongo. Mdogo wangu akageukia upande wa nyaya akawa anazichezea, na tulipoingia garini ndipo nilipoona kuwa analia. Nikamwambia ashike boksi vizuri lisije likaanguka.

Kulikuwa bado na mkwe wake, mama wa bwana harusi. Siku tulipokwenda Sur sote watatu kupeleka vitu, nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla kahawa haijamiminwa nikamwambia, "Bibi, mdogo wangu anakuja na kazi yake." Nikamweleza ni kazi gani. Mama alinitazama jicho la kuniua. Yule bibi akamgeukia mdogo wangu na kumuuliza, "Nani ataangalia?"

Safari hii halikuwa swali langu.

"Mimi na dada," mdogo wangu akasema.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaagiza kahawa imiminwe, na kwa kahawa ya pili alikwisha kutuonesha chumba cha nyuma, chenye mlango unaofungika kwa ufunguo.

Harusi yake niliipiga mwenyewe. Kamera moja begani, nyengine nikaisimamisha pembeni, ijiangalie. Kabla hatujaanza nilimwambia mdogo wangu kama ninavyomwambia katika kila harusi: mimi ndiye wa mwanzo kukataa, usinitie. Naona haya kujiona. Akacheka ndani ya shela yake. Waliokuja kukataa niliwaelekeza kwa bibi harusi mwenyewe, awaone. Harusi ilipokwisha sikuifungua diski hata kidogo. Niliitia ndani ya kopo tupu la halwa nikampa mkononi, nikamwambia, hii ni kazi yako ya mwanzo ya Sur.

Halafu ukaja ukimya. Nikimpigia simu, ananisimulia samaki na joto, ya kazi hayataji. Mama akaanza: "Si n'lisema, keshaacha huyo." Nikamwambia hajaacha. Wateja wakanihimiza, na kadi yangu ya wastani nikiipa kazi ya usiku kucha inanipa asubuhi, si haba. Kila siku nilikuwa nikisema hajaacha, na kila siku nilikuwa naogopa zaidi kidogo.

Kopo la halwa lilirudi mikononi mwa mkwe wake, aliyekuja Ibra kututembelea. Nikafunga mlango nikakaa kutafuta makosa, maana ndiyo kazi yangu. Hayakuwamo. Wote waliokataa hawakuonekana, hata vivuli vyao. Lakini mwisho kabisa, picha ya kamera ya pembeni: mwanamke anaweka kamera yake juu ya kiti, anamwendea bibi harusi, anamkumbatia na hamwachii, mabega yanamtikisika, kilemba kimemlegea. Sikujua kuwa nililia kiasi kile.

Nikampigia. "Nilikwambia usinitie."

"Kwenye nakala ya watu nimekutoa," akasema. "Hiyo uliyonayo ni yetu. Wengine wote nimewatoa, dada. Wewe sikutoi."

Nikamwambia nina harusi ya Ashkhara, wanawake wengi, na waliokataa ni wengi zaidi.

"Lete," akasema. "Mlango wa chumba cha nyuma nimeufungua tangu asubuhi."