Nimemvuta fundi Saidi kwa kamba

Leo nimemvuta fundi Saidi kwa kamba mpaka katikati ya soko la Nachingwea, mchana kweupe!

Ndiye aliyetangaza pale sokoni kwamba pikapu yangu imekufa turbo kwa sababu mwanamke hajui kutunza gari.

Moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, ulikuwepo, sikatai. Jumamosi mimi na mume wangu tukafungua wenyewe nyumbani.

Turbo nzima kabisa! Bomba la kurudisha oili lilikuwa limezibwa na gundi ya silikoni aliyoipaka yeye mara ya mwisho alipolitengeneza gari. Tukalisafisha, tukafunga gasketi mpya, moshi ukakata.

Sasa leo natoka Ruangwa na ufuta wangu, namkuta Saidi gari limemzimikia njiani.

"Dada Zainabu, nisogeze mpaka gereji tu."

"Funga kamba, kisha panda gari lako, fundi."

Gereji nikaipita. Nikaenda sokoni taratibu, napiga honi. Watu wakajaa.

Akaja dirishani kwangu, jasho linamtoka. "Dada, yaishe."

"Yataisha ukiwaambia hawa ulichokifanya."

Akawageukia watu. "Nilikosea mimi. Bomba niliziba mimi."

Nikamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia.

Akarudia.

Jamani, nimezidisha? Mume wangu anasema nimezidisha, lakini anacheka.