Msichana wa Pili Hupewa Jina la Mama

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, wa pili jina la mama ya mama yake, na bibi huyo humhesabu mtoto kuwa ni yeye mwenyewe. Kwa hivyo dada yangu alipojifungua msichana wa pili pale Mwiki, jina lilikuwa la mama yetu. Mama alijua, na alikuwa akihesabu wiki.

Lakini mama ana skizofrenia. Dawa zimetuliza zile sauti anazosikia, ila Gatongora tunakoishi hakuna aliyesahau siku alizokuwa akigombana na ukuta. Shangazi ya shemeji alipoleta uji wa mzazi, alimwambia dada, "Jina huja na mwenyewe. Si umpe mtoto la dada ya mama yako?"

Shemeji akajitia kukoroga uji. Mimi sikumtetea mama; mimi hunyamaza siku zote.

"Tata, wacha kwanza niulize wenye kujua," dada akamwambia shangazi huyo.

"Utauliza nini? Hiyo ni damu!"

Wiki iliyofuata tulimpeleka mama kliniki Thika kuchukua dawa. Alipoingia kupimwa presha, dada alimsimamisha daktari kwenye korido, mtoto mkononi, foleni nzima ikisikiliza.

"Daktari, ugonjwa wa mama unafuata jina?"

Mtu mmoja alicheka. Daktari hakucheka.

"Jina, hapana. Damu, kwa kiasi. Chukulia ni githeri, mahindi na maharagwe ya sufuria moja. Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja inaongeza hatari kidogo tu, na kila mtoto anachotewa sahani yake. Hakuna kipimo cha kutuambia nani ataugua. Watoto wa mgonjwa wako kwenye hatari zaidi ya wengine, lakini wengi wao hawaugui."

"Na huyu?"

Nilidhani dada anaonyesha mtoto. Alikuwa amenielekezea mimi kidole.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hofu yangu. Sijui dada aliijuaje. Daktari alisema nisiguse bangi, nilale vya kutosha, na nikianza kusikia sauti zisizo na mtu nije mapema, nisijifiche. Nilipofika nyumbani niliyaandika maneno yake polepole, nisiyapoteze. Ningekaa miaka kumi bila kuuliza alichouliza dada kwa pumzi moja.

Jumapili wageni walijaa kwa dada. Shangazi akauliza mtoto anaitwa nani. Dada akalitaja jina la mama kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Na akirithi mkono wake wa kupika chapati, Tata, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kubisha hodi."

"Haiya," shangazi akasema, akacheka kidogo, akasogea mama apate nafasi ya kukaa.

Mama alimpokea mtoto. Alimgusa shingo, kisha akaanza kumvua sweta ya juu.

"Mbona mmenivalisha hivi?" akasema. "Mimi sipendi joto."